Mfumo wa Bure na Mlinzi wa Utepe

Mimi, Ngereza Tawakali, karani wa masjala daraja la tatu, Hospitali ya Wilaya ya Bondeni Juu, nimetakiwa nieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kosa la kujifanya mgeni rasmi. Naeleza.

Kwanza nisieleweke vibaya. Nchi yetu ni nchi ya utaratibu, na mimi sina kinyongo na utaratibu. Nimeula miaka ishirini na sita. Kofia yangu ya sherehe imetoka kwenye utaratibu. Kiti changu kilipovunjika mguu, niliandika barua ya kuomba mguu, na barua ile ilijibiwa. Mguu wenyewe haujaja, lakini jibu lilikuwa la heshima sana, nami nimelihifadhi kwenye faili.

Kuhusu mgonjwa

Mke wangu, jina lake Siwema, figo zake zilistaafu kabla yake. Zilistaafu bila barua wala hafla ya kuagwa, ndiyo maana sikuamini mpaka miguu ilipovimba na viatu vikamkataa. Tangu hapo damu yake ikawa inasafishwa na mtambo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Hospitali yetu ina mitambo mitatu ya kazi hiyo na wagonjwa sita wanaopokezana. Akikosa zamu moja, anavimba. Akikosa mbili, anahema kama aliyepanda mlima na mzigo. Habari ya zamu ya tatu Daktari Lwitiko, mganga mkuu wetu, alinieleza mara moja, nami nikamwomba asinieleze tena.

Mitambo ile ilipokuja ilikuwa na vitufe vya kuwashia, vya kijani, ambavyo hata mimi ningeweza kuvibonyeza. Lakini Waraka Namba Tisa wa Wizara ya Mashine na Maadili ulisema si adabu mashine ya serikali kuwashwa na kidole cha mtu yeyote tu. Iwake kwa kibali cha kompyuta. Wakaja mafundi wa wizara, wakang'oa vitufe na kuunganisha mitambo yote mitatu na kompyuta moja iliyowekwa mezani. Muuguzi anaandika namba ya mgonjwa, kompyuta inatafakari, inaridhia, mtambo unawaka. Vitufe vilipelekwa makumbusho ya wilaya, na wanafunzi huenda kuvitazama.

Kuhusu mfumo wa kulipia

Kompyuta hiyo ilikuwa ikiendeshwa na mfumo uitwao Taji. Mimi sikujua kwamba kompyuta nayo inaendeshwa. Aliyenifungua macho ni Nyamizi, fundi wetu wa kompyuta, mama wa makamo anayechomeka bisibisi kwenye nywele mahali ambapo wenzake huchomeka chanuo.

"Mfumo endeshi, karani, ni kama mama mwenye nyumba," aliniambia. "Humwoni sebuleni na wageni. Lakini asafiri siku moja tu, uone kama kuna anayejua chumvi iko wapi."

Taji, akasema, ni mama wa kukodi. Anayemmiliki ni kampuni moja ya ng'ambo, na sisi tunalipia leseni ya kukaa naye mwaka mmoja mmoja. Anapika vizuri, hilo hakulikataa. Ila jikoni kwake haingii mtu. Sufuria ikitoboka, unapiga simu ng'ambo, unasubiri, na ukithubutu kuiziba mwenyewe umevunja mkataba.

Jumatatu moja muuguzi aliwasha kompyuta, kioo kikawa cheusi, na katikati likatokea taji la dhahabu likizunguka polepole. Chini yake paliandikwa: "Mpendwa mteja, leseni yako imekwisha. Tunathamini afya yako."

Tulipiga simu wizarani. Tukaambiwa maombi ya leseni mpya yako mezani kwa Waziri, yanasubiri sahihi, na Waziri yuko ng'ambo kwa mwaliko wa kampuni hiyohiyo, kwenye semina ya faida za kulipia leseni mapema. Tulipiga simu ya msaada ya Taji. Sauti tamu ya mwanamke ikatuambia sisi ni watu wa mia nne na kumi na mbili kwenye foleni, kisha wakatuwekea muziki. Daktari Lwitiko alizunguka wodi siku nzima amebana simu kati ya sikio na bega, na wagonjwa wengine wakadhani ni kipimo kipya.

Siwema alirudi nyumbani bila kusafishwa. Jumanne asubuhi nilimkuta amekaa kitandani anaminya mguu wake kwa kidole na kutazama shimo lisivyofukika.

"Baba Mosi," akaniambia, "nimeanza kujaa."

Kuhusu mfumo wa bure

Siku hiyohiyo Nyamizi alikuja na kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa stoo, akaiweka mezani, na kutoa kijiti kidogo mfukoni.

"Humu mna Ujima," akasema.

Nilimuuliza Ujima ni kampuni ya wapi. Akasema si kampuni. Ni mfumo endeshi kama Taji, ila hauna mwenyewe. Watu maelfu, duniani kote, wameuandika, huyu kipande hiki na yule kile, kama tulivyokuwa tukilima: leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu. Jikoni kuko wazi. Sufuria ikitoboka, unaiziba, kisha unawaonyesha wenzako ulivyoiziba.

"Bei?"

"Bure."

"Leseni je?"

"Ipo." Akanifungulia. Ilisema tumia, fungua ndani utazame, badilisha, wape na wengine. Niliisoma mara tatu nikitafuta vitisho vimejificha wapi. Sikuviona, na nakiri kwamba hilo lilinitia hofu.

Nisije nikaonekana naupigia debe Ujima. Nyamizi mwenyewe alisema Taji una mazuri yake: printa unaitambua papo hapo, watu wengi wameuzoea, na ukikwama kuna mtu wa kumpigia simu. Hapo sote wawili tukamtazama Daktari Lwitiko, ambaye shingo yake sasa ilikuwa imekaa upande, na muziki ukisikika mpaka tuliposimama.

Kazi ilimchukua Nyamizi tangu asubuhi mpaka alasiri. Lililoniogopesha zaidi lilikuwa mitambo: Ujima utaongeaje nayo? Kumbe alikuwapo mtu, katika nchi moja ya baridi, asiyetujua wala kujua Bondeni Juu iko wapi, ambaye alikwisha kuandika kipande cha kuongea na mitambo kama yetu. Aliandika pale kwamba baba yake naye alikuwa akisafishwa damu. Akakiacha wazi, atakayekihitaji achukue.

Saa kumi kasorobo muuguzi aliandika namba ya Siwema. Kompyuta kuukuu ikatafakari kidogo tu. Mtambo ukawaka. Sijui niseme nini kuhusu ule mlio. Nililia, nikasingizia dawa ya kufutia sakafu.

Siwema alipofunguliwa mipira usiku ule, alimwita Nyamizi. "Mwanangu, huyo aliyeandika hicho kipande anaitwa nani, nimwombee dua?"

"Jina lake halisi silijui, mama. Anajiita Bundi Mweupe."

Siwema akasita. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali. Akafikiri, kisha akanyanyua mikono akamwombea hivyohivyo, kwa jina lake la bundi.

Printa ilichapa vyeti vichwa chini miguu juu kwa siku mbili, mpaka Nyamizi akaitengeneza. Hiyo ndiyo hasara yote ninayoweza kuiandika. Kwa wiki sita wagonjwa wote sita walisafishwa kwa zamu zao. Siwema alirudia kuvaa viatu.

Kuhusu Tume

Kosa alilifanya Daktari Lwitiko, na alilifanya kwa moyo mweupe. Fomu ya taarifa ya robo mwaka ina kisanduku kilichoandikwa "Mafanikio", na kwa miaka yote tulikuwa tukikipigia mstari. Safari hii akakijaza. Katika nchi yetu taarifa za kushindwa hufunguliwa faili. Za kufanikiwa huundiwa tume.

Ikaja Tume ya Kulinganisha Mifumo ya Bure na ya Kulipia, wajumbe tisa, chini ya mwenyekiti wake Bwana Mwinyikambi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye hajawahi, hata mara moja, kumkatisha mtu kauli. Wote walishika miavuli yenye nembo ya Taji. Kwa kuwa ukumbi wetu umejaa vitanda vibovu, kikao kilifanyika mlemle kwenye chumba cha mitambo, wagonjwa watatu wakiwa wameunganishwa.

"Ndugu madaktari, ndugu wauguzi, ndugu wagonjwa, itifaki imezingatiwa," alianza Bwana Mwinyikambi. "Tume yangu imezunguka nchi saba ikilinganisha. Katika nchi zote saba, Taji ulitupokea uwanja wa ndege. Ujima haukutupokea hata mara moja. Sasa nawauliza kwa upole: asiyekupokea uwanja wa ndege, utampokeaje ofisini kwako?"

Wajumbe wakapiga meza. Ulinganisho ukafanyika kwa haki kabisa, mimi nikiandika kumbukumbu. Walitaka kujua kila mfumo una makao makuu ya ghorofa ngapi. Wakauliza kama una mkurugenzi wa kanda, kama umewahi kudhamini mbio za hisani, na kama kalenda zake ni za ukutani au za mezani. Taji ukapata alama tisa kwa tisa. Ujima ukapata sifuri. Kipengele cha "Je, unafanya kazi?" kilikuwamo kwenye fomu, lakini kilikuwa cha hiari.

"Mkono mtupu haulambwi," akahitimisha mwenyekiti. "Serikali haiwezi kuweka uhai wa wananchi wake mikononi mwa kitu ambacho hakuna aliyekilipia."

Hapo Mwalimu Chitemo, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye damu yake ilikuwa inazunguka kwenye mtambo namba mbili, akanyoosha mkono usio na sindano.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hewa nayo ni ya bure. Hapo ulipo unaivuta kwa leseni ya nani?"

"Swali zuri sana, mwalimu," akajibu Bwana Mwinyikambi. "Tutaliundia kamati ndogo."

Daktari Lwitiko akapiga magoti. Nasema kweli, mganga mkuu mzima alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali yake, shingo bado upande, akaomba mfumo uachwe. Na Tume haikuwa na ukatili. Ilinong'ona, ikaafikiana. Ujima utaruhusiwa, si kama mfumo, bali kama msaada. Na msaada wowote wa serikali sharti ukabidhiwe na mwenye mali, kwa sahihi, kisha uzinduliwe na mgeni rasmi.

Kuhusu wenye mali

Nilipewa mimi kazi ya kuwaandikia wenye mali. Nyamizi alinitolea orodha ya walioandika Ujima, na ilipoanza kutoka kwenye printa nilikwenda kunywa chai, nikarudi, nikaikuta bado inatoka. Kila mmoja nilimtaka afike Bondeni Juu mwenyewe, akiwa na picha tatu ndogo na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata anakoishi.

Kwa wiki tatu mitambo iliendelea kwa kibali cha muda, nami nikasubiri majibu. Alijibu mmoja tu. Barua yake ilikuwa ya maneno mawili, na Nyamizi ndiye aliyenitafsiria: "Washeni tu." Chini yake, Bundi Mweupe.

Niliipeleka kwa Bwana Mwinyikambi. Aliisoma mbele na nyuma, akaniambia kwa masikitiko kwamba haina picha. Ikaandikwa juu yake "haijakidhi vigezo" na kufungiwa faili. Ila ili tusionekane tunachelewesha maendeleo, Tume ikaamua makabidhiano yarukwe na uzinduzi ufanyike. Mgeni rasmi atakuwa Waziri mwenyewe, ambaye sasa alikuwa amerudi. Siku ni Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Wasiotoka kwetu huenda hawajui uzito wa jambo hili. Hapa kitu kisichozinduliwa hakipo. Mto wetu una daraja zuri la saruji lililokamilika miaka kumi na moja iliyopita, na watu wanavuka chini yake, wamekunja suruali, kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Na ubaya zaidi ni kitu kinachofanya kazi kabla ya kuzinduliwa, maana huo ni utovu wa nidhamu wa kitu chenyewe. Kwa hiyo Jumamosi ikaja amri: mitambo izimwe ili Jumatatu ipate kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Kuhusu utepe

Utepe ulikuwa wa rangi za bendera, upana wa kiganja. Ulizungushwa mitambo yote mitatu, ukapita juu ya kompyuta kuukuu, ukaishia mlangoni kwa fundo kubwa kama kabichi. Mkasi ungekuja na msafara wa mgeni rasmi, juu ya mto wa mahameli. Nami kwa barua yenye muhuri nikateuliwa kuwa mlinzi wa utepe, na nikaagizwa kuvaa kofia yangu ya sherehe. Nilifurahi, siwezi kuficha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuteuliwa.

Jumatatu viti vilipangwa, watoto wa shule wakafundishwa wimbo wa kumsifu mgeni rasmi na, katika ubeti wa mwisho, figo. Saa tatu ikafika. Saa saba tukapata ujumbe kwamba mgeni rasmi amezuiliwa mji mkuu na uzinduzi mwingine, wa ratiba ya mwaka ya uzinduzi. Angekuja Jumatano.

Siwema alikaa siku ile kwenye benchi la nje ya mlango, na khanga yake mpya aliyoivaa kwa ajili ya sherehe. Kutoka benchi hadi mtambo ni hatua tano, nimezipima.

"Baba Mosi, huu utepe wa nini?"

"Wa uzinduzi, Mama Mosi."

"Si mfumo ulikuwa unafanya kazi?"

"Ndiyo sababu unazinduliwa."

Akavuta khanga akafunika miguu. Tumeoana miaka thelathini na moja, na hajawahi kunicheka mbele za watu. Hata siku ile hakunicheka.

Jumatano alikuja ameegemea bega la jirani. Uso ulikuwa umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Watoto wakaimba tena, wimbo sasa umewakaa vizuri. Mgeni rasmi akatuma salamu kwamba anatupenda na atakuja Ijumaa. Wagonjwa wawili walitaka kukimbizwa hospitali ya mkoa, lakini mkoani nako lile taji la dhahabu lilikuwa bado linazunguka kwenye kioo.

Nyamizi akanijia na koleo ya kukatia waya mkononi.

"Karani, sogea."

"Siwezi, mama."

"Ni kitambaa, Ngereza! Kitambaa!"

"Ni kitambaa cha serikali."

Naomba Tume inielewe, maana Nyamizi hakunielewa. Matibabu ya Siwema yanalipiwa na kadi ya bima, na kadi iko kwa jina langu, kwa sababu mimi ni mtumishi. Nikikata utepe nimefukuzwa. Nikifukuzwa kadi inakufa. Jumatano angesafishwa, na Ijumaa asingesafishwa tena, wala Jumatatu, wala siku zote. Ndivyo nilivyopiga hesabu, nimesimama na kofia yangu. Nilifikiri namwokoa. Nyamizi alinitemea mate karibu na kiatu, akaweka ile koleo kwenye dirisha, wazi, ambapo ningeiona kila nikigeuka.

"Ukiukata wanakufanya nini?" Siwema aliuliza kutoka kwenye benchi. Alikuwa anahema kila baada ya neno.

"Wananifukuza."

"Na usipoukata?"

Nilirekebisha kofia. Nikamwambia, "Ijumaa saa tatu, mke wangu. Saa tatu kamili. Wamesema safari hii ni hakika."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, na hilo ndilo linalonila mpaka sasa. Angebisha, angelia, angenitukana ukoo wangu wote, pengine ningesogea. Lakini yeye naye ni mke wa mtumishi. Alizoea kusubiri.

Kuhusu Ijumaa

Ijumaa Siwema alilazwa kitanda cha karibu na mlango tangu alfajiri. Saa moja na nusu aliniuliza saa ngapi. Nikamwambia umebaki muda wa saa moja na nusu tu mgeni rasmi afike. Akasema, "Basi amekaribia." Baada ya hapo hakuniuliza kitu. Saa mbili na dakika chache muuguzi aliweka kidole shingoni mwake, akakiacha pale kwa muda mrefu mno, kisha akaniita kwa jina langu bila cheo.

Nje watoto walikuwa wanapanga mistari.

Muuguzi akasema kidevu kifungwe kabla mwili haujakaza. Tukatafuta kitambaa. Bandeji hospitali nzima hapakuwa na hata moja: zote zilikuwa zimetiwa rangi na kufungwa mapambo kwenye viti vya wageni. Muuguzi akaanza kufungua kilemba chake mwenyewe, na hapo ndipo nilipogeuka nikaona dirisha, nikaona koleo.

Sikutoa hotuba. Sikuwa na mto wa mahameli. Niliukata utepe mlangoni, nikaukata tena kwenye mtambo namba moja, nikapata kipande cha mita mbili. Nikakikunja mara mbili, nikakipitisha chini ya kidevu cha mke wangu na kukifunga juu ya kichwa chake, taratibu, kama alivyokuwa akijifunga mwenyewe kichwa kikimuuma. Rangi za bendera zilimpendeza. Nilimwomba radhi na hakunijibu.

Sehemu iliyobaki ya utepe ilianguka sakafuni yenyewe. Nyamizi aliutazama, akanitazama mimi, akapita juu yake. Muuguzi, machozi yanamtoka, akaandika namba ya Mwalimu Chitemo. Mtambo ukawaka. Ukawaka wa pili na wa tatu. Watoto nje, waliposikia ule mlio, wakadhani ndiyo ishara, wakaanza kuimba. Waliimba wimbo wote, pamoja na ubeti wa figo. Mgeni rasmi hakuja na siku ile pia.

Wagonjwa watano waliobaki wako hai hadi ninapoandika. Bwana Mwinyikambi alifika Jumamosi, tumekwisha kuzika, akaikuta mitambo inafanya kazi. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa ile sauti yake ya taratibu, utepe uko wapi.

Nilimwambia uko na mke wangu.

Sasa barua yenu ina mambo mawili. La kwanza linanitaka nirudishe mita mbili za utepe, mali ya serikali, ndani ya siku saba. Sitarudisha. Anayeuhitaji kaburi analijua, na kuchimba hakuhitaji leseni. La pili ni shitaka la kujifanya mgeni rasmi. Mnaniuliza nilikata utepe kwa idhini ya nani. Idhini ninayo. Iko kwenye faili lenu wenyewe, imeandikwa "haijakidhi vigezo", ina maneno mawili na haina picha.

Kosa langu ni jingine, na hamkuliandika kwenye barua, kwa hiyo naliandika mimi. Niliukata utepe Ijumaa saa mbili na robo asubuhi. Ulitakiwa kukatwa Jumatatu.

Ngereza Tawakali
Karani wa Masjala Daraja la Tatu

Nakala: Ndugu Bundi Mweupe. Tumewasha.